Kamba, Kopo na Gurudumu

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa pai ni nini, aghalabu hujibu mara moja: 22/7. Jibu hilo amelikariri, wala hajapata kuiona namba hiyo ikitoka katika kitu chochote cha duara. Dawa yake haihitaji maabara. Yatosha kuwa na kopo la maziwa, gurudumu la baiskeli, rula na kamba ya katani.

Wanafunzi huizungusha kamba kwenye kopo, huitia alama pale inapokutana, kisha huinyosha juu ya rula ili kupata mzingo. Kipenyo hupimwa kwa kulibana kopo kati ya vipande viwili vya mbao vilivyo sambamba, maana kukisia mahali pa kitovu huleta makosa. Mwisho, mzingo hugawanywa kwa kipenyo.

Hapo ndipo matata huzuka. Kopo lenye kipenyo cha sentimeta 7, likizungushiwa kamba yenye unene wa milimeta 2, huelekea kutoa 3.23. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 70, kwa kamba ile ile, hutoa 3.15. Mwanafunzi ana haki ya kushuku kwamba pai hubadilika kufuatana na ukubwa wa duara. Na mwalimu anayemwamuru afute jibu lake aandike 22/7 humfundisha kughushi vipimo, kosa baya kuliko hesabu yoyote iliyokosewa.

Sababu ni kamba yenyewe. Mstari upitao katikati ya unene wake huzunguka duara ambalo kipenyo chake kimezidi kile cha kopo kwa milimeta 2. Kwa hiyo mzingo huzidi kwa milimeta 6 hivi, duara liwe dogo au kubwa. Milimeta 6 ni nyingi katika 220, bali ni chache mno katika 2,200. Darasa likitumia ukanda mwembamba wa karatasi badala ya kamba, ziada hiyo karibu hutoweka. Gurudumu nalo laweza kuviringishwa mizunguko 10 uwanjani, na umbali ukagawanywa kwa 10.

Hata hivyo 22/7 nayo imezidi kidogo. Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia hoja mahali pa kamba: kwa maumbo yenye pande 96, moja ndani ya duara na jingine nje, alionyesha kwamba pai ni ndogo kuliko 3 1/7 na kubwa kuliko 3 10/71. Katika miaka ya 1760, Johann Heinrich Lambert alithibitisha kwamba hakuna sehemu yoyote, hata iwe na tarakimu nyingi namna gani juu na chini, iliyo sawa nayo kamili.