Mbwa wako mchanga anachechemea? Usimpe dawa zako

Msomaji wa safu hii, mama wa watoto watatu anayeishi Mbezi, Dar es Salaam, ameniandikia kuhusu mbwa wao. Ni dume la German Shepherd, umri miezi minane. Alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto, baada ya siku chache akawa sawa, halafu akachechemea wa nyuma wa kulia. Sasa ana homa, amekataa chakula na mbavu zimeanza kuhesabika. Jirani amewashauri wampe kidonge cha diklofenaki. Swali la mama huyu: “Daktari, tumpe nusu au kizima?”

Asipewe hata robo.

Mimi ni daktari wa binadamu, si wa mifugo, na mbwa huyo anahitaji daktari wake. Lakini maswali ya namna hii yananijia mara nyingi, na ndani yake kuna mambo yanayogusa afya ya watu wa nyumba hiyo moja kwa moja. Ndiyo maana leo nawapa mbwa nafasi hii.

Tuanze na kidonge. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wewe unazimeza mgongo ukikuuma, mwili wa mbwa hauzimudu kama wako. Zinaweza kuchimba vidonda tumboni, mbwa akatapika damu au akapata choo cheusi kama lami, na zinaweza kuua figo. Parasetamoli nayo ikizidi huharibu ini na damu yake. Kwa paka hata kipande kidogo kinaweza kuua. Daktari wa mifugo anazo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na humpimia kwa uzito. Na kama umeshampa kidonge, mwambie daktari ni kidonge gani na saa ngapi. Usione aibu, kwa sababu taarifa hiyo hubadilisha matibabu.

Sasa, kwa nini mbwa mchanga mwenye umbo kubwa achecheme bila kuanguka wala kugongwa? Mbwa wa aina hii huzaliwa akiwa na uzito wa karibu nusu kilo, na kabla ya mwaka kwisha anaweza kupita kilo 30. Mifupa inayokua kwa kasi hiyo hupata matatizo yake. Lipo moja linaloitwa panosteitisi, maumivu ndani ya mifupa mirefu, ambalo huwapata sana German Shepherd, hasa madume, kati ya miezi mitano na kumi na minane. Dalili yake kubwa ni hiyo hiyo aliyoieleza mama wa Mbezi: leo mguu huu, wiki ijayo mwingine. Ukiubonyeza mfupa katikati, mbwa analia. Huisha lenyewe mbwa akikomaa, japo anahitaji kupumzishwa na kutulizwa maumivu. Tatizo la nyonga isiyokaa sawasawa kwenye kikombe chake ni jambo jingine: hurithiwa, huonekana miguu ya nyuma, na mbwa husita kuinuka au kupanda ngazi.

Chakula nacho kina lake. Wapo wanaomlisha mbwa nyama tupu, mapafu na utumbo kutoka machinjioni, wakiamini wanamjenga. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa, nayo inakuwa myepesi na inavunjika kwa kuruka kibarazani tu. Wengine wakishasikia hivyo hukimbilia duka la dawa na kumrundikia kalsiamu ya unga. Hilo nalo ni kosa, kwa kuwa mtoto wa mbwa mkubwa hana uwezo mzuri wa kuizuia ile inayozidi, na mifupa hukua vibaya. Chakula kilichopimwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wakubwa kinatosha. Kama hukimudu, mwombe daktari wa mifugo akupangie mchanganyiko wa vyakula vya nyumbani.

Hata hivyo, katika barua ile kuchechemea si jambo lililonishtua zaidi. Ni homa, kukonda na kukataa kula. Katika mji wetu, mbwa mwenye dalili hizo pamoja na viungo vinavyouma lazima afikiriwe ugonjwa wa kupe.

Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba kijidudu kiitwacho Erlikia. Kijidudu hiki hushambulia chembe nyeupe za damu, hupunguza chembe za kugandisha damu, huvimbisha mitoki na kuleta maumivu ya viungo. Fizi hupauka, na wakati mwingine pua hutoka damu. German Shepherd huumia zaidi ya mbwa wengine. Wakati wa vita vya Vietnam jeshi la Marekani lilipoteza mbwa wake zaidi ya mia moja kwa ugonjwa huu, wengi wao wakiwa wa aina hiyo. Na hapa urudi kwenye kile kidonge: diklofenaki inayochubua tumbo, ndani ya mbwa ambaye damu yake haigandi. Fikiria mwenyewe.

Kupe huyo huyo hueneza pia babesia, inayovunja chembe nyekundu za damu hadi mkojo ukawa rangi ya kahawa. Kipimo cha damu ndicho hutofautisha. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Mbwa wengi huchangamka baada ya siku mbili tatu, mwenye mbwa akaacha dawa, na ugonjwa ukajificha mwilini hadi urudi ukiwa mkali zaidi. Ndugu zangu, tunafanya hivi hivi na dawa zetu wenyewe.

Kwa binadamu, kupe wa mbwa anaweza kuleta homa ya kupe. Ukiwa na homa na kichwa kinauma, kipimo cha malaria kimekuwa hasi, na kwenye ngozi kuna kidonda kidogo chenye gamba jeusi, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna mbwa mwenye kupe. Usiwapasue kupe kwa kucha. Watoe kwa kibano, ukiwa umevaa glavu. Na ujue kwamba kupe jike akishashiba hushuka na kutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa za banda na ukuta, kwa hiyo kumtibu mbwa bila kushughulikia banda ni kazi bure.

Lakini tahadhari na dawa yenyewe. Dawa za kuogeshea mifugo huuzwa kwa kupimiwa, zikabebwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa chini ya sinki. Mtoto anakunywa. Amitrazi humlaza mtoto, ikapunguza mapigo ya moyo na kupumua. Nyingine za jamii ya oganofosfeti humtoa mate na jasho na kumbana kifua. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na chupa au jina la dawa.

Lipo jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Si kila mbwa anayekokota miguu ana tatizo la mfupa. Kichaa cha mbwa si lazima kije kwa ukali na kuuma watu. Ipo aina ya kupooza: mbwa anakuwa mpole kupita kawaida, miguu ya nyuma inalegea, taya linaning'inia, mate yanatiririka na hawezi kumeza. Mwenye nyumba anadhani amekwamwa na mfupa, anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Wakati huo mate yana virusi. Ugonjwa ukishaanza kuonekana kwa binadamu, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani kote, vingi vikiwa Asia na Afrika, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na mbwa wa kushukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15.

Kwa hiyo mbwa mwenye miguu inayolegea pamoja na mate na taya lililolegea, usimguse. Mfungie peke yake na umwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, mdomoni au machoni aoshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka (kidonda kwa sabuni pia, macho na mdomo kwa maji matupu) kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msipake mafuta ya taa, pilipili wala unga wa betri. Sindano zikianza mapema na kumalizwa zote, zinaokoa. Kulambwa kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko hakuhitaji sindano, kunawa kunatosha.

Mama wa Mbezi, barua yako haikutaja mate wala taya, na mguu unaopona kisha ukauma mwingine haufanani na kupooza. Hilo linanipa moyo. Lakini hukusema kama mbwa amechanjwa kichaa, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu. Tafuta kadi yake leo. Mpeleke kliniki ya mifugo iliyo karibu, omba apimwe damu na miguu ipigwe picha, na uwaambie anakula nini kila siku na mara ya mwisho uliona kupe lini. Mpaka daktari amwone, watoto wasimlishe kwa mkono.