Siyo Kila Mkosi ni Msiba

Farasi watatu, barabara ya mlimani na ndoa moja. Biashara yetu ndogo ya Lushoto imetufundisha kwamba shida zote haziwezi kupewa ukubwa mmoja.

Zipo siku ambazo ukishaweka tu mguu chini unajua leo hakuna kitu. Umeme umekatika na shati halijapigwa pasi. Daladala imejaa mpaka mlangoni. Bosi amekutangulia kufika ofisini. Mchana simu inakuponyoka, kioo kinapasuka. Jioni unarudi nyumbani umenuna, mwenzio anauliza "vipi tena?" na ugomvi unaanzia hapo hapo. Ukilala unajiambia una mkosi wa kuzaliwa nao. Lakini hebu kaa chini uhesabu: kilichoharibika siku nzima ni kioo cha simu, basi.

Tatizo la wengi wetu siyo kwamba tuna mikosi mingi kuliko wenzetu. Tatizo ni kwamba kila mkosi tunaupokea kwa sauti ileile. Aliyemwaga chai na aliyefiwa, wote wanapiga kelele sawasawa. Mimi na mume wangu somo hili tumelipata kwa viumbe ambao hata kuongea hawaongei, yaani farasi wetu.

FARASI MILIMANI?

Najua unachojiuliza. Nani anafuga farasi Tanzania? Ni kweli ni wachache, na sababu yake ni ya zamani. Sehemu kubwa za nchi yetu zilikuwa na mbung'o wanaoeneza nagana, ugonjwa unaoua farasi na ng'ombe. Ndiyo maana misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ilitegemea mabega ya wapagazi, siyo migongo ya wanyama. Hata Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, moja ya faida zake ilikuwa kuachana na usafirishaji huo wa kubebana mizigo kichwani.

Lushoto ni habari nyingine. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake ndio uliowafanya Wajerumani haohao wajenge kituo chao hapa na kukiita Wilhelmstal. Kwa farasi, baridi ya huku ni nafuu kubwa ukilinganisha na joto la tambarare.

Sisi tulianza na watatu. Subira alikuwa jike, mkubwa na mtulivu, yule wa kumpandisha mtoto au bibi. Kipara na Mwendapole ni madume waliohasiwa. Mume wangu aliacha kazi ya mshahara akashika banda. Mimi nikabaki na uhariri wangu, kompyuta mezani na harufu ya samadi dirishani. Wateja wetu ni maharusi walio fungate, familia zinazokimbia joto la Dar na Tanga wikiendi, watalii wachache, na mara mojamoja bwana harusi anayetaka kuingia ukumbini juu ya farasi kama sultani.

Safari inayopendwa zaidi ni ya kwenda Irente, kilomita kama tano hivi kutoka mjini. Unapita katikati ya mashamba ya mboga na miti ya matunda, halafu ghafla mlima unakatika. Chini kabisa unaiona tambarare ya Mazinde na nyika ya Wamaasai mpaka macho yachoke.

Inasikika kama dili tamu, sivyo? Sasa sikiliza upande wa pili. Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo nane za majani makavu kwa siku na maji lita 30 au zaidi. Kwato zake zinakua kama kucha zako, kwa hiyo kila wiki sita mpaka nane zinataka kukatwa na kusawazishwa. Haya yote yapo, wateja waje wasije. Farasi hajui kwamba huu ni mwezi mbaya.

MIKOSI YA REJAREJA

Biashara ya namna hii haikosi vituko. Jumamosi moja, wateja sita wamesimama uwanjani wamevaa vizuri, mkanda wa tandiko ukakatika. Tulidhani siku imeisha. Mume wangu akakimbia nao sokoni kwa fundi viatu anayeshona mabegi na mipira ya shule. Baada ya dakika 20 akarudi na mkanda ulioshonwa kwa uzi mnene kuliko wa kwanza. Gharama yake ilikuwa shilingi 3,000. Mkanda ule unatumika mpaka leo.

Siku nyingine Kipara alitoka bandani usiku akaingia shambani kwa jirani. Alfajiri tulimkuta amekula kabichi 11, na anatuangalia kama sisi ndio tumekosea njia. Jirani, mzee wa heshima zake, alikuja juu, na alikuwa na haki. Tukalipa kabichi zote kwa bei ya soko na tukampelekea magunia manne ya samadi kama pole. Msimu uliofuata alikuja mwenyewe kuuliza kama samadi bado ipo, tena na pesa mkononi. Kutoka kwenye mkosi tukapata mteja.

Lakini aliyetufundisha zaidi ni ukungu. Kuna siku tulikuwa na safari mbili za Irente, kila moja na wapenzi wawili kutoka Dar. Walipofika juu, wote walikuta ukungu mzito, hata mkono wako huuoni vizuri. Wale wa asubuhi walinuniana palepale. Bwana akasema wazo la kuja lilikuwa la bibie, bibie akasema si angechagua yeye. Walishuka kimya, wakadai nusu ya pesa yao. Wale wa mchana walicheka mpaka farasi wakashtuka. Walipigana picha ukungu mtupu, wakawatumia ndugu zao: "Haya ndiyo mandhari maarufu ya Irente."

Ukungu ni uleule, mlima ni uleule, na nauli ya kutoka Dar ni ileile. Tofauti ilikuwa nini? Wa asubuhi walitafuta nani alaumiwe. Wa mchana walitazama wamebaki na nini, na walichobaki nacho ni wao wawili, farasi na siku nzima ya mapumziko.

USIKU ULE WA APRILI

Nisingekuwa na haki ya kuandika makala haya kama ningeishia kwenye kabichi na ukungu. Ilikuwa Aprili, mvua za masika zimeshika. Saa tano usiku Subira alianza kujilaza na kuinuka, anageuka kutazama ubavu wake, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Aliyewahi kuishi na farasi anaijua dalili hiyo na moyo wake unaruka. Farasi hawezi kutapika. Utumbo ukiziba au ukijisokota, kilichomo hakina pa kutokea, na maumivu yake ni makali mno.

Tulimpigia daktari wa mifugo, naye alikuwa tambarare. Akatuelekeza kwa simu: ondoeni chakula, mtembezeni polepole, msimwache ajigaragaze. Akawasha gari. Ila barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, zile kilomita 33 za kona juu ya kona, ilikuwa imezibwa na kifusi kabla ya Soni. Daktari aliacha gari, akavuka tope kwa miguu na begi la dawa kichwani, upande wa pili akachukua bodaboda. Alifika saa kumi na moja alfajiri, viatu kavishika mkononi.

Alimchoma sindano za maumivu, akampitishia mpira puani mpaka tumboni. Alipomaliza kumpima alitutazama tu. Utumbo ulikuwa umejisokota, na ukifika hapo kinachobaki ni upasuaji mkubwa ambao kwetu huku haupo. Alitushauri tumpumzishe. Saa moja asubuhi ilikuwa imekwisha.

Mwili wa kilo 400 na zaidi hauondolewi na watu wawili. Hatukumwita mtu, lakini ilipofika saa mbili walikuwa wameshafika vijana wanane na majembe, wakachimba kwenye mvua mpaka saa nane mchana. Aliyewaleta ni yule mzee wa kabichi. Alinishika mkono akasema, "Pole, mwanangu. Mnyama wa kazi ni mtu wa nyumbani." Hakutaka hata kusikia habari ya malipo.

Katikati ya hayo simu yangu ikalia. Ni ujumbe wa mteja wa wiki iliyopita, amekasirika kweli: kwenye picha zake tatu nzuri kuliko zote, farasi amefumba macho. Anataka tumrudishie pesa. Nilisoma mara mbili, nikacheka, na kicheko kikageuka kilio kabla sijakimaliza. Sikumchukia. Kwake yeye, asubuhi ile, picha ndiyo ilikuwa shida kubwa duniani. Nilimjibu jioni kwamba nasikitika, akija tena atapiga nyingine bure.

VIKAPU VITATU

Tangu siku ile nyumbani kwetu tuna vikapu vitatu vya shida. Havionekani kwa macho, lakini vinafanya kazi.

Cha kwanza ni shida za kucheka. Ukungu, picha, gari kukurushia maji ya tope. Hizi ukizisubirisha mpaka kesho zinageuka hadithi ya kuchekesha wageni.

Cha pili ni shida za kulipa. Mkanda, kabichi, kioo cha simu. Zinauma, lakini zina bei. Na shida yenye bei inajulikana mwisho wake. Unalipa, au unajipanga ulipe, halafu unaendelea na maisha.

Cha tatu ni shida za kulia. Kufiwa, kuugua, kumpoteza mtu au kiumbe uliyempenda. Hizi hazina bei wala hadithi, na usizikimbilie na mzaha. Zinataka muda na watu wa kukaa nawe.

Makosa yanaanza tunapochanganya vikapu. Ukililia kioo cha simu kama umefiwa, siku ya msiba wenyewe utakuwa huna machozi wala marafiki wenye subira. Na ukimwambia aliyefiwa "ndo maisha, songa mbele", umeitupa shida yake kwenye kikapu cha kucheka. Hapo utakuwa umemuumiza mara mbili.

Halafu kuna ile faraja tunayopenda kupeana: "Shukuru, wapo wenye shida kuliko wewe." Wapo, ndiyo. Lakini njaa ya jirani haijawahi kumshibisha mtu. Kuipima shida yako vizuri siyo kuishindanisha na ya mwingine. Ni kujua yako yenyewe ina ukubwa gani.

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote kwa pamoja. Asichokiona ni kilicho nyuma yake kabisa na kile kilichomgusa pua. Sisi nasi, shida ikiwa puani hatuioni umbo lake. Irudishe nyuma hatua mbili ndipo uitaje jina.

MKIWA WAWILI

Wiki mbili baada ya Subira kuondoka, mimi na mume wangu tulinuniana siku nzima kwa sababu ya ndoo ya maji iliyoachwa njiani. Ndoo haikuwa na kosa. Yeye alikuwa akiomboleza kwa kunyamaza na kusafisha banda lisilo na farasi. Mimi nilikuwa naomboleza kwa kupiga hesabu, maana theluthi ya biashara ilikuwa imezikwa bondeni. Kila mmoja alimwona mwenzake kama hajali.

Siku hizi mmoja akiingia amekunja uso, mwingine anauliza swali moja tu: "Kikapu gani?" Na sheria ni kwamba mwenye shida ndiye anayechagua. Akisema cha tatu, hata kama mimi naona ni cha kwanza, naacha ninachofanya nakaa chini. Kesho yake anaweza kukihamisha mwenyewe. Mara nyingi anahamisha.

JARIBU HIVI

• Usijibu ujumbe wa hasira kabla ya kula. Tumbo tupu linakuza kila kitu.

• Iandikie shida bei. Ikikubali kuandikwa kwa shilingi, ni ya kulipa.

• Weka akiba ya mikosi. Sisi katika kila shilingi kumi tunayoingiza tunaweka moja pembeni. Mkosi uliotengewa pesa hauvunji ndoa.

• Kabla ya kumlaumu mwenzio jiulize: kuna mtu aliyeuleta ukungu?

• Kumbuka waliokuja na majembe bila kuitwa. Siku yao ikifika, uwe wa kwanza kufika.

Isikupite pia kwamba haya hayadumu yenyewe. Mwezi mmoja baada ya mazishi nilijua kabisa jambo gani kubwa na lipi dogo. Miezi sita baadaye nilikuwa naanza kukasirikia foleni benki kama zamani. Busara ni kama kwato, inakua vibaya usipoikata kila baada ya wiki kadhaa.

Farasi wa tatu hatujampata bado. Akiba inajaa polepole, na wateja wakija wanne tunawapandisha wawiliwawili kwa zamu; wanaosubiri wanakunywa chai kwa mzee wa kabichi. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Sisi tuna farasi wawili, kazi mbili na mvua za masika kila mwaka, na msamba, tunashukuru Mungu, bado mzima.