Mbolea ya majani yenye potasiamu: angalia kwanza kabla ya kununua
Mvua ikikatika mahindi yakiwa bado machanga, huenda ukashauriwa kununua mbolea ya potasiamu ya kunyunyizia majani. Ni kweli, potasiamu husaidia mmea kutunza maji. Lakini kinachoingia kupitia majani ni kidogo, na haichukui nafasi ya mvua.

Angalia majani ya chini. Kingo zikigeuka njano na kukauka kuanzia nchani, huenda potasiamu imepungua. Nyunyiza asubuhi mapema au jioni, kwa kipimo cha kwenye lebo; ukizidisha, majani huungua. Maji ya majivu usiyanyunyize kabisa.

Potasiamu nyingi ya mahindi hubaki kwenye mabua, kwa hiyo usiyachome wala kuyatoa shambani bure. Wenyeji wenye ng'ombe wakiyahitaji, badilishaneni kwa samadi.