Mama Aliyeshindwa Kushukuru

Katika ukurasa huu wa afya, mwezi huu tunaweka kando malaria na lishe ya watoto. Tunataka tuzungumze juu ya usingizi unaokimbia, presha inayopanda, na neno "asante" linalokwama kooni.

Sisi wauguzi tunaoishi karibu na maji haya tunakumbuka vizuri siku za kivuko. Mgonjwa aliyetoka Sengerema usiku kwenda Bugando alilazimika kusubiri pale Busisi, na mama mwenye uchungu wa kujifungua hasubiri. Tumewahi kusimama ufukweni tumeinua chupa ya dripu mkononi, macho yakitafuta taa za kivuko upande wa pili. Kwa hiyo Daraja la John Pombe Magufuli lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kilometa 3 juu ya Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo hadi Busisi, tulishukuru bila kuombwa. Gari sasa linavuka kwa dakika chache.

Wiki kadhaa baadaye alifika kliniki yetu mama mmoja wa Kigongo. Hatutamtaja jina, ingawa abiria wengi wa zamani wamekula samaki wake. Miaka mingi aliuza samaki wa kukaanga na mihogo kwa watu waliokuwa kwenye foleni ya kivuko. Magari yalipoanza kupita juu bila kusimama, wateja wakaenda nayo. Tulimpima presha, ikasoma 178/104. Alisema halali vizuri, anaamka saa nane za usiku na kuhesabu ada ya watoto mpaka jogoo awike.

Mmoja wetu, kwa haraka ya foleni ya wagonjwa, alimwambia, "Tumshukuru Mungu mama, angalau daraja tumepata." Mama akainamisha kichwa. "Hata ninyi, sista?" akauliza. Hakusema zaidi. Tukampa vidonge, akaenda.

Alivimeza siku tisa tu. Jirani alimwambia kwamba mwenye imani ya kweli hategemei vidonge, naye akaviacha. Alirudi amepakiwa kwenye bodaboda, presha 206/118, kichwa kikimpasuka na macho yakiona ukungu. Ni kwa huruma ya Mungu hakupata kiharusi. Usiku ule, alipotulia kitandani, alitueleza. Katika sala za jumuiya watu wote walishukuru kwa ajili ya daraja, naye alichezesha midomo tu. Aliona ametenda dhambi, na kwamba presha ndiyo adhabu yake.

Ndugu wasomaji, kosa la kwanza lilikuwa letu. Tulidai shukrani kwa mtu ambaye hakuna aliyemwuliza habari ya maumivu yake.

Fungueni Biblia nyumbani, Zaburi ya 13. Ni fupi, ina aya sita tu, na inaanza kwa mtu anayemlalamikia Mungu kuwa amemsahau. Sifa zinakuja mwishoni, baada ya malalamiko. Zaburi ya 88 haifiki hata huko, inaishia gizani, na bado Kanisa linaisali. Basi anayelia mbele ya Mungu anasali. Mtume Paulo anawahimiza Wathesalonike washukuru katika hali zote, lakini yeye mwenyewe, kama tunavyosoma katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12, aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa. Hakujifanya kuwa mwiba ule ni ua.

Sisi wauguzi tunapenda zaidi habari ya Eliya, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii amechoka, amelala chini ya mti jangwani, anaomba afe. Malaika hamkemei. Anamletea mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Safari ya kwenda mlimani kwa Mungu inaanza baada ya chakula na usingizi. Mkimtembelea mtu aliyevunjika moyo, chukueni uji kwanza, maneno baadaye.

Na juu ya dawa, someni Yoshua bin Sira, sura ya 38. Pale tunaambiwa kuwa mganga ameumbwa na Mungu, na dawa zinatoka katika ardhi kwa mapenzi yake, na mgonjwa anahimizwa asali pia. Havigombani. Presha ikipimwa zaidi ya mara moja, katika siku tofauti, na kukutwa 140/90 au zaidi, ni ugonjwa, na mara nyingi hauna dalili yoyote. Sala hutuliza moyo, na moyo uliotulia husaidia usingizi, lakini vidonge visiachwe bila kumwona mganga, hata kama unajisikia mzima. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, msingoje asubuhi wala msianze novena kwanza. Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, salini njiani. Na huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili, pamoja na kukosa usingizi na hamu ya chakula, nayo ni ugonjwa wenye matibabu. Mtu akitamka kwamba anataka kufa, asiachwe peke yake, aletwe siku hiyo hiyo.

Mama yetu alilazwa siku nne. Paroko alipokuja kumpa Mpako wa Wagonjwa, aliogopa akidhani anaagwa, mpaka alipoelezwa kuwa sakramenti hiyo ni ya kumtia mgonjwa nguvu, wala si ya wanaokata roho peke yao. Wanawake wa jumuiya walimletea uji wa ulezi, na mmoja wao akamwomba radhi.

Sasa anauza samaki kwenye magulio. Anasema faida haifiki nusu ya ile ya zamani. Mara ya mwisho presha yake ilikuwa 138/84. Tulimwuliza kama analala. Akasema analala, na kwamba jioni hutafuta jambo moja la siku hiyo la kumshukuru Mungu: mtoto aliyepona kikohozi, au chumvi aliyopewa na jirani.

"Na daraja, mama?" tukamwuliza.

"Daraja bado, sista," akasema, akacheka, akachukua vidonge vyake vya mwezi.