Mchezo wa zamu ambapo aliyeuawa harudi

ANAYETAFUTA mchezo wa video wa kushughulisha akili badala ya vidole hana budi kuujaribu Fire Emblem, ulioanza kuuzwa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwaka wa 1990.

Huchezwa kwa zamu mithili ya drafti, ila mchezaji huweza kuwasogeza askari wake wote kabla ya adui kujibu. Kila askari ana jina, hulka na ujuzi unaokua vitani. Akiuawa, kwa kawaida harudi tena hadi hadithi iishe.

Hapo ndipo penye utamu, na uchungu pia. Wapo wanaoanza pambano upya kwa ajili ya kumwokoa mpiga mishale mmoja tu! Tangu 2010, matoleo mapya humruhusu mchezaji kuamua waliouawa warejee pambano likiisha. Mwenye kutaka msisimko kamili asiiteue njia hiyo.