Urusi na Mlango wa Bahari Nyeusi

Tangu vita vya Ukraine vilipozuka tarehe 24 Februari 2022, watu wengi wameyasikia majina kama Crimea, Sevastopol na Bosphorus, nao huuliza kwa nini taifa lenye nchi kubwa kuliko mataifa yote ya dunia lipigane kwa ajili ya rasi moja na bandari chache. Swali hili si la wataalamu peke yao. Kabla ya vita hivyo sehemu kubwa ya ngano iliyoingia Kenya kutoka ng'ambo ilitoka Urusi na Ukraine. Bei ya unga wa ngano ilipopanda mwaka ule, mama aliyekwenda dukani kununua unga wa chapati alilipa sehemu ya gharama ya ugomvi uliozaliwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Katika makala haya twataka kueleza ugomvi huo ulianzaje, na umefikaje hapo ulipo.

Msomaji akiitwaa ramani ataona kwamba upande wa kaskazini Urusi ina pwani ndefu sana, lakini pwani hiyo karibu yote hufungwa na barafu wakati wa baridi. Hapo kale bandari iliyowawezesha Warusi kufanya biashara na Ulaya kwa njia ya bahari ilikuwa Arkhangelsk, iliyojengwa mwaka wa 1584, nayo merikebu hazikuweza kuifikia miezi mingi ya mwaka. Upande wa magharibi, Bahari ya Baltiki ilikuwa mikononi mwa Waswidi. Upande wa kusini, Bahari Nyeusi ilikuwa kama ziwa la Sultani wa Uturuki. Tena, hata mtu akiipata pwani ya Bahari Nyeusi, bado hajatoka nje. Bahari ile ina mlango mmoja tu, nao una sehemu mbili: Bosphorus, ambao urefu wake ni maili 19 hivi, kisha Dardanelles, wenye urefu wa maili 38 hivi. Mahali palipo pembamba zaidi, upana wa Bosphorus haufiki nusu maili. Haupiti sana ule mlango ambao watu huuvuka kwa feri pale Likoni. Juu ya kingo zake mbili umejengwa mji wa Constantinople, ambao leo waitwa Istanbul. Mwenye mji huo ndiye mwenye ufunguo.

Mfalme wa kwanza wa Urusi aliyelishika jambo hili kwa nguvu alikuwa Peter, yule ambaye watu humwita Peter Mkuu. Mwaka wa 1695 aliishambulia ngome ya Waturuki iliyoitwa Azov, akashindwa. Sababu ya kushindwa kwake ilikuwa wazi: hakuwa na merikebu za kuwazuia Waturuki wasiipelekee ngome ile chakula na baruti kwa njia ya maji. Basi wakati wa baridi uliofuata aliwakusanya maseremala kwa maelfu huko Voronezh, akaunda merikebu, akaziteremsha kwa mto Don, na mwaka wa 1696 akaitwaa Azov. Mwaka uliofuata alikwenda mwenyewe mpaka Uholanzi, akavaa nguo za fundi, akafanya kazi ya kuunda merikebu kwa mikono yake. Ni wafalme wachache waliowahi kushika shoka kwa nia ya kujifunza.

Walakini bahati yake ilikuwa kaskazini kuliko kusini. Alipigana na Waswidi tangu mwaka wa 1700 hata mwaka wa 1721, akapata pwani ya Baltiki, na mwaka wa 1703 akaanza kujenga mji wa St Petersburg juu ya matope, ambako vibarua wengi walikufa kwa homa na kazi ngumu. Azov yenyewe ilimtoka mwaka wa 1711, baada ya jeshi lake kuzungukwa na Waturuki kando ya mto Prut.

Kazi ile ya kusini ilimalizwa na Malkia Catherine wa Pili. Katika vita vya mwaka wa 1768 mpaka 1774 alizituma manowari zake kutoka Baltiki, zikaizunguka Ulaya nzima, na mwaka wa 1770 zikayateketeza majahazi ya Sultani huko Chesme, karibu na Izmir. Kwa mapatano ya mwaka wa 1774 merikebu za biashara za Warusi zilipata ruhusa ya kupita katika mlango. Mwaka wa 1783 aliitwaa rasi ya Crimea, na mwaka huo huo ukaanzishwa mji wa Sevastopol uwe bandari ya manowari. Odessa ulifuata mwaka wa 1794, nao haukukawia kuwa soko kubwa la ngano.

Hapa yafaa tukumbuke kwamba Crimea haikuwa nchi tupu. Ilikuwa na wenyewe, Watatari, watu wa dini ya Kiislamu waliokuwa na mtawala wao chini ya ulinzi wa Sultani. Baada ya mwaka wa 1783 wengi wao walihamia Uturuki. Waliobaki walipatwa na msiba mkubwa zaidi mwezi wa Mei 1944, wakati Stalin alipoamuru wahamishwe wote. Watu zaidi ya 180,000 walipakiwa katika magari ya mizigo ya reli, wakapelekwa Asia ya Kati, na maelfu walikufa njiani na katika miaka ya kwanza ya uhamisho. Katika habari nyingi za Crimea watu hawa hutajwa mwisho au hawatajwi kabisa.

Sasa, kwa kuwa Warusi wamefika pwani, ugomvi ukawa juu ya mlango wenyewe. Uingereza na Ufaransa hazikutaka kuona manowari za Urusi zikitoka nje na kuingia Bahari ya Kati, ambako njia ya kwenda Misri na Bara Hindi hupita. Kwa mapatano yaliyofanywa London mwaka wa 1841 ilikubaliwa kwamba wakati wa amani mlango ufungwe kwa manowari za mataifa yote. Vita vilipokuja mwaka wa 1853, chanzo chake cha kwanza kilikuwa mabishano ya mapadre wa Kanisa la Mashariki na wale wa Kanisa la Roma, juu ya nani ashike funguo za kanisa la Bethlehemu. Lakini mtu asidhani kwamba mataifa makubwa yaliwatoa watu wao wafe kwa ajili ya funguo za kanisa. Mwezi wa Novemba mwaka ule manowari za Urusi ziliziangamiza za Waturuki katika bandari ya Sinop, na Waingereza na Wafaransa wakaona kwamba Sultani akiachwa peke yake mlango utakwenda na mji pamoja. Wakapeleka majeshi yao Crimea, wakauzingira Sevastopol karibu mwaka mzima, ukaanguka Septemba 1855. Askari waliokufa kwa kipindupindu na maradhi mengine walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Mapatano ya Paris ya mwaka wa 1856 yaliikataza Urusi isiweke manowari hata katika pwani yake yenyewe ya Bahari Nyeusi.

Taifa kubwa likifungwa hivyo hungojea tu. Mwaka wa 1870, Ufaransa ilipokuwa imeshughulika na vita vya Wajerumani, waziri wa Urusi, Gorchakov, alitangaza kwamba nchi yake haitalifuata tena sharti lile, na hapana aliyepigana naye. Katika vita vya mwaka wa 1877 na 1878 majeshi ya Tsar yalifika San Stefano, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Constantinople. Waingereza wakapitisha manowari zao Dardanelles, na Warusi wakasimama papo hapo. Katika mkutano wa Berlin mwaka wa 1878 walinyang'anywa sehemu kubwa ya yale waliyoyapata.

Kisa kimoja kidogo cha miaka ile kiligusa hata pwani ya Afrika. Januari 1889 Mkosaki mmoja, Nikolai Ashinov, alishuka na wafuasi wake katika ghuba ya Tajura, mahali ambapo sasa ni nchi ya Djibouti. Waliingia katika ngome ya zamani iitwayo Sagallo, wakapandisha bendera, wakasema hapo ni mahali pa Warusi. Wafaransa, waliodai kwamba pwani ile ni yao, waliwataka waondoke, wakakataa. Mwezi wa Februari manowari zikapiga ngome mizinga, na watu kadhaa wakafa, wakiwamo wanawake na watoto. Tsar Alexander wa Tatu alimkana Ashinov, na waliosalia wakarudishwa kwao.

Mlango wa kusini ulipokuwa haufunguki, Urusi iligeukia mashariki. Reli ya Siberia ilianzwa mwaka wa 1891, na kwa kuwa bandari ya Vladivostok nayo hupata barafu, mwaka wa 1898 Warusi waliwalazimisha Wachina kuwakodisha Port Arthur. Wajapani hawakuvumilia. Vita vilianza Februari 1904, na Tsar Nicholas wa Pili akaamua kutuma manowari zake za Baltiki chini ya Jemadari Rozhestvensky. Zile za Bahari Nyeusi hazikuweza kwenda, maana mapatano ya mlango yalizifunga ndani. Ndipo ilipoanza safari ya ajabu. Manowari kubwa ziliizunguka Afrika yote kwa Rasi ya Tumaini Jema, zikitia makaa njiani, zikatia nanga Nosy Be, kaskazini-magharibi ya Bukini, zikakaa huko miezi miwili na zaidi katika joto ambalo mabaharia wale hawakulizoea. Huko ndiko walikopata habari kwamba Port Arthur, mahali walipokuwa wakienda kupaokoa, pamekwisha kuanguka. Hata hivyo waliendelea. Tarehe 27 na 28 Mei 1905 Wajapani waliwangojea katika mlango wa Tsushima, na karibu manowari zote zikazama au zikatekwa.

Katika Vita Kuu ya kwanza Waturuki walijiunga na Wajerumani, wakafunga mlango, na ngano ya Urusi ikalala maghalani Odessa. Mwaka wa 1915 Uingereza na Ufaransa, ambazo zilikuwa zimemzuia Tsar miaka mingi, zilimwahidi kwa siri kwamba vita vikiisha Constantinople utakuwa wake. Ahadi hiyo haikulipwa. Mapinduzi ya mwaka wa 1917 yalimwondoa Tsar, na watawala wapya wakayatangaza mapatano yale ya siri magazetini ili dunia yote iyasome.

Sheria inayotumika hata leo ni mapatano ya Montreux ya mwaka wa 1936. Merikebu za biashara hupita. Manowari za mataifa yasiyo na pwani katika Bahari Nyeusi huhesabiwa kwa uzito, wala haziruhusiwi kukaa ndani zaidi ya siku 21. Wakati wa vita Uturuki ina haki ya kuzizuia manowari za wanaopigana, ila zile zinazorudi katika bandari zao. Stalin hakuipenda sheria hiyo. Mwaka wa 1946 aliitaka Uturuki imshirikishe katika ulinzi wa mlango. Matokeo yake ni kwamba Uturuki iliikimbilia Marekani, na mwaka wa 1952 ikaingia katika NATO.

Wako wanaosema kwamba njia ya bahari ndiyo siri yote ya siasa ya Urusi. Maoni yetu ni kwamba hilo si kweli. Upande wa magharibi nchi ile ni tambarare isiyo na mlima wa kumzuia adui. Napoleon alipita huko mwaka wa 1812, na Wajerumani mwaka wa 1941, na katika vita hivyo vya pili watu milioni 27 hivi wa Urusi na nchi zilizoungana nayo walikufa. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini Wahangari waliopelekewa vifaru mwaka wa 1956, na Wacheki mwaka wa 1968, hawakuwa wamemvamia mtu.

Mwaka wa 1954 Crimea ilitolewa Urusi ikatiwa Ukraine, na wakati ule watu wengi waliona ni mabadiliko ya ofisi tu, maana zote mbili zilikuwa dola moja. Dola ile ilipovunjika mwaka wa 1991, Sevastopol ukajikuta ng'ambo ya mpaka. Mwaka wa 1994 Urusi ilitia sahihi ahadi ya kuiheshimu mipaka ya Ukraine, na mwaka wa 1997 ikakubaliana nayo kuikodi bandari ile. Mwaka wa 2014 iliitwaa rasi yote kwa nguvu.

Vita vya mwaka wa 2022 vilipoanza, Uturuki iliitumia haki yake ya Montreux kabla ya wiki moja kwisha. Kwa hiyo manowari ya Urusi iliyozama katika Bahari Nyeusi, kama ile kubwa iitwayo Moskva iliyozama tarehe 14 Aprili 2022, haikuweza kufidiwa kwa nyingine kutoka Baltiki. Mwezi wa Julai mwaka ule, mjini Istanbul, ulifanywa mpango wa kupitisha nafaka ya Ukraine, na karibu tani milioni 33 zilitoka kabla ya Urusi kujitoa tarehe 17 Julai 2023. Baadaye Waukraine walifungua njia yao wenyewe, merikebu zikipita karibu na pwani za Romania na Bulgaria, na kwa vyombo vidogo vya baruti visivyo na nahodha waliilazimisha sehemu kubwa ya manowari za Urusi kuhama Sevastopol, mji wa Malkia Catherine, zikajificha Novorossiysk.