Chemosit wa Olenguruone na Twiga wa Malindi

Familia ya pwani ikihamia Olenguruone kwa kazi au biashara, huko pembezoni mwa msitu wa Mau, haichelewi kulisikia jina la chemosit. Watoto hurudi nalo kutoka shuleni, na usiku unapoingia huanza kuuliza.

Chemosit ni kiumbe wa hadithi za Wakalenjin. Husimuliwa kuwa ni nusu mtu na nusu ndege, ana mguu mmoja na matako tisa (wakubwa watuwie radhi, ndivyo asimuliwavyo), naye hujikongoja kwa fimbo iliyo mfano wa mkuki. Kinywa chake chekundu hung'ara gizani mithili ya taa. Huketi karibu na msitu akaimba. Mtoto auonaye mwanga na kuusikia wimbo hudhani pana ngoma, akaufuata, akaliwa. A. C. Hollis aliyaandika hayo kuhusu Wanandi katika kitabu kilichotoka mwaka 1909.

Kwa mama aishiye kando ya msitu, mtoto asiyetoka usiku ni rehema, na kazi hiyo chemosit ameifanya vizazi na vizazi. Si adabu kuwacheka majirani, maana sisi nasi tumelelewa kwa zimwi. Hata hivyo, tunawasihi wazazi wasimchanganyie mtoto mambo. Majini tunawaamini kwa kuwa Qur'ani imewataja. Chemosit ni ngano. Mtoto asiyeambiwa tofauti hiyo hulala akitetemeka, na hofu humfuata hadi ukubwani.

Wala si kila mnyama wa ngano ni wa kutisha. Wachina wana qilin, mwenye mwili wa paa, mkia wa ng'ombe na pembe moja, mpole hata hakanyagi majani mabichi. Waliamini kuwa hajitokezi ila atawalapo mfalme mwadilifu. Basi mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea mfalme Yongle twiga, na mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakampeleka wao. Kasri zima likasema: qilin amekuja! Mwandishi Shen Du alikwisha kumtungia sifa yule wa kwanza. Huyu wa Malindi, Yongle alitoka mwenyewe hadi langoni kumpokea.

Tukumbuke kwamba Yongle alimnyang'anya mpwa wake ufalme mwaka 1402. Mtu wa namna hiyo ana haja kubwa ya ishara ya uadilifu, na twiga wetu, asiyejua lolote, akamfaa. Huenda jina nalo lilisaidia, kwani Wasomali humwita twiga geri. Zheng He, amiri wa misafara ya baharini ya mfalme huyo, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, na baba yake aliitwa Haji.

Mpaka leo Wajapani humwita twiga kirin, jina lile lile la mnyama wa ngano. Wazazi walioko Olenguruone hawahitaji kusafiri mbali kumwonyesha mtoto: twiga wapo katika mbuga ya Ziwa Nakuru, kaunti ile ile. Mtoto akishamwona akitafuna majani ya mgunga, aulizwe iwapo aliyemwita qilin alikuwa mwongo, au alikuwa hajapata kumwona twiga.